Kima Mkwezi na Nazi Kavu

Kima alikuwa mkwezi wa minazi, na hakuangusha nazi hata moja kabla ya kupiga ukelele: "Jamani, nazi hiyo!" Wanyama walimwamini. Wakisikia ukelele hukimbia. Wasiposikia, hukaa kivulini raha mustarehe. Kanga peke yake, mama wa vifaranga saba, hakukubali wanawe wakae pale.

Siku moja Kima aliteremka, akajinyoosha chini ya mnazi.

"Kaka, ondoka hapo," alisema Kanga. "Kuna nazi kavu juu."

Kima akacheka. "Nani aiangushe, dada? Mkwezi ni mimi, nami niko hapa chini."

Hata hajafumba macho, nazi ilichomoka yenyewe, kimya, ikamvunja bega.

Kanga hakumsimanga. Alimletea maji na matunda mpaka akapona, ila mkono haukunyooka tena, na ukwezi ukaishia hapo. Kima akawa anashinda kando ya shamba, macho juu. Kanga alidhani analilia kazi yake.

Mchana mmoja upepo ulivuma. Kifaranga wa mwisho alikuwa amefukuza panzi hadi shinani.

"Jamani, nazi hiyo!"

Kifaranga akaruka. Nazi ikachimba shimo pale pale alipokuwa.

Kanga akamfunika mwanawe kwa bawa. "Kaka, kumbe umeanza tena kukwea?"

"Siwezi tena, dada," alisema Kima. "Lakini mnazi hauna mdomo, nami nimeupa wangu."