Gurudumu la Kiti cha Siwema

Mzee Ngwali alikuwa uani, akizungusha gurudumu alilolifunga kwenye kigingi. Visamaki vya mti alivyochonga viwe chambo cha wavuvi vilining'inia humo, vikizunguka ili vanishi mbichi aliyovipaka isichuruzike upande mmoja. Afisa wa ustawi wa jamii akapiga hodi.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kumpiga picha mnufaika wa kiti cha magurudumu."

"Mnufaika!" Ngwali alitema mate. "Miaka mitatu nimepanda ngazi zenu kukiomba. Mkakileta siku ya arobaini ya mke wangu. Siwema akikalie kaburini?"

Afisa alilitazama gurudumu, akalitambua. "Umekibomoa, mzee? Kuna mama mwingine anakingoja. Anatambaa."

Mkono wa Ngwali ukasita, kisha ukaendelea. Visamaki hivi vikiharibika, hana kingine cha kupeleka sokoni.

"Vua hiyo saa, kaa hapa uzungushe," alisema. "Sisi tulingoja miaka, na wewe ngoja vikauke. Ukichoka, mwite mkubwa wako aje akupokee!"

Afisa akakunja mikono ya shati. Ngwali akaingia ndani kutafuta spana ya kukirudishia kiti gurudumu lake, huku akiwatukana wakubwa wote kwa vyeo vyao, na visamaki vibichi vikapita mbele ya uso wa afisa, kimoja baada ya kingine, macho wazi.