Kutoka mu mustari

Tulikuwa tunaimba na kucheza mu mustari mbele ya bendera ya chama, kama kila asubui kabla ya kazi. Pembeni yangu, miye mwenye kufagia biro za mugodi, Injeniere Mukuka wa ordinatere, zile kompyuta, akaacha kuimba.

« Mama, nimekosa. »

« Imba, baba. Batakuona. »

« Kompilatere, ile yenye kutafsiri programu, sikuiambia kama ordinatere ya pompe za kuvuta maji iko na Unix, programu yake ya musingi, ya zamani. Imetafsiri kwa Unix ya mupya. Saa mbili bataiweka, na pompe zitasimama. »

Chini ya mushimo bwana yangu alikuwa kazini na benzake. Kule maji haingojake mutu.

« Piga telefone. »

« Iko mu biro, nyuma ya mukubwa wa chama. Nikitoka mu mustari, ataniandika. »

Mukubwa alishika kaye, daftari ya majina, na kalamu ya kifuniko nyekundu. Juma iliyopita dereva mumoja alitoka mu mustari kwenda kukojoa. Akaandikwa. Mupaka leo bibi yake anamutafuta.

Jasho ya Mukuka ilitoka ku kidevu, ikaanguka ku kifungo ya koti yake ya abakosti, tone moja, tone ya pili. Ilibakia dakika kumi saa mbili ifike.

Nikakaza kikwembe ku kiuno, nikatoka mu mustari kwenda ku telefone. Mukubwa akafungua kalamu.

Nyuma yangu nikasikia viatu vya Mukuka vikinifuata.