Sandali Nyekundu za Muhamad

Jerikeni ndiyo iliyotoka mwisho. Mariat aliibeba mwenyewe hadi uani, akaitupa juu ya vikombe, sahani na mabeseni ya plastiki, akamwambia mkwewe, Nambozo, awagawie majirani.

"Kitu isiyooza haikai na chakula," alisema.

Mariat alihamia kwa mwanawe Muhamad, hapa Nabuyonga mjini Mbale, baada ya kumzika mwanawe mkubwa, Kirunda, kule kwao Wanyange, upande wa Jinja. Vita vilikuwa vimekwisha. Redio ilisema hivyo. Vizuizi vya askari vilibaki barabarani, na wanaume waliendelea kushushwa kwenye mabasi.

Nambozo alinuna. Lakini maji yakapoa mtungini, maziwa yakakaa kwenye kibuyu, matoke yakaivia ndani ya majani ya mgomba, na chai ya kikombe cha bati ikaacha kunuka ndoo. Haki lazima isemwe: nyumba ilikula vizuri. Hata majirani waliochukua mabeseni huku wakicheka walianza kuja kuomba maji ya mtungi.

Kilichomkera Nambozo ni sandali. Mama yuleyule aliyefukuza hata kijiko cha plastiki alimnunulia Muhamad sandali za plastiki, nyekundu kama pilipili, na hakumruhusu kutoka Mbale bila kuzivaa. Tena alitia msumari motoni akachoma alama kwenye soli zote mbili. Hilo la alama halikumshangaza Nambozo. Siku ya Ijumaa, mlangoni pa msikiti, sandali zote ni ndugu, na asiyetia alama hurudi peku.

Nyani haoni kundule, Nambozo alisema moyoni, maana mama mkwe hasemwi kwa mdomo.

Kisha Muhamad akaitwa Jinja, kiwandani, kuomba kazi ya ukarani. Nyumba nzima iliitegemea kazi hiyo. Fedha zilikuwa zimepungua, na mihogo ya jana na leo ilikwisha kuwachosha. Nambozo alitoa viatu vya ngozi vya harusi, akavipiga rangi mpaka vikang'aa.

"Mama, karani na sandali?" Muhamad alilalamika.

"Afande wa kizuizi anapenda viatu ya ngozi," Mariat alijibu. "Hii hakuna mtu anataka."

Hapo hakukosea. Wanaume wengi wa Nabuyonga walishavuliwa viatu barabarani, wakaja nyumbani wakichechemea. Lakini kazi ni kazi. Asubuhi ya safari, Mariat akiwa kwenye sala, Nambozo alizificha sandali ndani ya kapu la ulezi, akamvisha mumewe viatu vya ngozi na kumsukuma nje.

Mariat alipokunja mkeka wake aliona mahali pa sandali patupu. Akaketi sakafuni.

"Amekwenda na viatu gani?"

"Vya ngozi, Mama. Wakivichukua, si viatu tu?" Nambozo alikuwa na hasira, na aibu pia. Akaenda kuzitoa sandali kapuni, akaziweka mbele ya mkwewe.

Mariat alipangusa ulezi kwenye mikanda, polepole, mpaka ikatakata.

"Kirunda alikuwa na sandali kama hii," alisema. "Walipofukua ile shimo ya Wanyange askari walitupa watu ndani, tulisimama hapo mama wengi. Shati ilioza. Viatu ya ngozi ilioza. Mimi peke yangu nilirudi na mtu wa kuzika."

Nambozo aligeuza soli, akaitazama ile alama. Kisha akatoka mbio kuelekea stendi ya mabasi, peku, sandali kifuani.