Mbuzi ya Nazi Imekataa Kuuzwa

Siku ya nne ya kuuza vyombo vya mama yake, Mwantumu alikuwa hoi. Sheria haikuwa na njia ya mkato: chombo cha marehemu hakiuzwi mpaka chenyewe kiridhie, kwa sauti ya marehemu. Na vyombo vya mama, kama mama mwenyewe, vilikuwa vibishi. Kabati liliwafukuza wanunuzi wawili kwa matusi. Masufuria ya shughuli yalibembelezwa tangu asubuhi, yakakubali adhuhuri.

Ilibaki mbuzi ya nazi. Bwana Shemdoe, mnunuzi wa vyombo vikuukuu, aliiinamia kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Twende zetu?"

"Marahaba, baba. Hii haiuzwi," mbuzi ilijibu, na kile kikohozi cha siku za mwisho. "Namwekea binti yangu, Mwantumu. Kasema Idi hii atakuja."

Mwantumu alipiga magoti sakafuni. "Mama, Mwantumu ndiye mimi. Niruhusu, nimechoka."

Mbuzi ilitega sikio, kama mtu aliyesikia hodi mlangoni. Vyombo viliwatambua wote waliowahi kuingia jikoni, na mbuzi hii ilikuwa na miaka tisa humo.

"Sauti yako siijui, mwanangu," ilisema kwa upole.

Shemdoe alitazama pembeni, akaanza kukunja kamba zake. "Pole, dada. Hii ibaki."

"Ukimwona huko mjini," mbuzi ilimwambia Mwantumu, "mwambie nazi zake ziko uvunguni. Zimeanza kuota."