Kisima Kilichofaulu

Siku ile mjinga alikuwa Mzee Mwakio mwenyewe, wala hakubisha. Halmashauri ilitoa msaada wa kutengeneza visima vya watu binafsi, mradi maji yapimwe yaonekane machafu. Yeye, kwa kuona haya mgeni asikute tope, alimpa bwana afya aliyekuja kuchukua maji ya kupima chupa ya maji yaliyochemshwa na kuchujwa mara mbili.

Siku chache baadaye bwana afya alirudi na majibu: maji safi, msaada hakuna.

“Bwana, nilichemsha! Mjukuu wangu anaharisha wiki ya pili!”

“Karatasi inasema safi, mzee. Mimi nifanyeje?”

Mkewe, Mama Saru, aliyechoka hata kumcheka, alichota kata moja ya maji kisimani akamkabidhi bwana afya.

“Kunywa kwanza, baba, halafu utusomee tena.”