Wimbo Uliobaki Ndani ya Pedali

Mama jirani anasema alimuona Valentin wangu kule Bunagana, akivuka mupaka bila gitaa. Kwenye korali ya kanisa, alikokuwa akipiga gitaa, hakuna anayemusadiki.

Leo wamemutuma mupiga gitaa mupya kuchukua pedali yao ya gitaa, ile inayorekodi na kurudilia muziki ukiikanyaga. Ndani yake umebaki wimbo aliorekodi Valentin asubuhi ile aliyopotea. Kila jioni ninaikanyaga mutoto wetu ausikie, ndipo anakubali kulala.

"Mambo ya marehemu tunafuta kwanza," huyu mupya anacheka, akichomeka kaske ya kusikilizia kwenye pedali na kuivaa masikioni.

"Hajakufa, papa."

Kiatu chake kinashuka kuelekea kitufe chekundu cha kufutia. Kwenye soli kumeganda vumbi nyeusi ya lava.

Ninashika kifundo cha muguu wake kwa mikono miwili. "Papa, ngoja. Mutoto asikie mara moja tu."

Ndani ya kaske, kichwa chake kinafuata mudundo wa Valentin.