Mkono wa Herminia

"Njoo uone mwenyewe, Mama Furtado," Pruitt alisema, akamsogezea hadubini.

Herminia akainama. Chini ya lenzi kulikuwa na prosesa, chipu ya kuendeshea kompyuta, ya wapinzani wao wa Mountain View, ile iliyotoka masika yale ya 1978, ikawaacha mbali kwa kasi na bado ikauzwa nusu bei. Akafuata mistari yake mpaka kwenye kona. Konani palikuwa na kijino kidogo, pale kisu kilipopitiliza kabla ya kugeuka.

Kijino kile alikijua. Kwa miaka kumi na minne pale Sunnyvale alikuwa akivua viatu, akipanda juu ya meza yenye taa, na kukata kwa kisu mchoro wa chipu kwenye filamu nyekundu ya plastiki, pana kama kitanda. Kamera ndiyo iliyoupunguza mchoro mpaka ukaenea kwenye chipu ndogo kuliko ukucha. Katika kila kona Herminia aliacha kijino. Hakikudhuru kitu, na wahandisi walishachoka kumsema.

"Anayenakili hajui lipi ni kosa, hubeba yote," alisema Pruitt, meneja wa karakana. "Ama walipiga picha chipu yetu wakaifuatisha, ama kuna mtu humu aliwapelekea filamu. Na filamu unazishika wewe."

"Mimi hata njia ya kwao siijui, Bwana Pruitt."

"Basi ukaape hivyo mbele ya mawakili. Useme mkono huu wa kukata ni wako peke yako, hujapata kumfundisha mtu. Tutajua wamenakili, na wewe utabaki na kazi yako."

Herminia alikuwa na miaka hamsini na tisa na vidole vilivyoanza kuvimba. Akifukuzwa kwa jina la wizi, hakuna ambaye angempa tena kisu katika bonde lile zima la viwanda vya chipu. Hilo alilijua vizuri, na usingizi ulimpaa.

Mchana alikula mkate na soseji pamoja na Twila, mwenzake wa mezani.

"Wewe uuze siri?" Twila alicheka. "Wewe ukiazima sindano unairudisha na uzi wake. Odilia anajua mama yake yuko matatani?"

"Odilia yupi?"

"Binti yako, una wangapi? Yule aliyekuwa anakata wanasesere kwa mabaki yetu ya filamu."

"Nilimwambia akiondoka na yule mpiga gitaa wake asinirudie. Maisha yake yote hakuwahi kunitii, Twila. Siku hiyo akanitii. Mwaka wa nne huu." Akaufunga mkate uliobaki. Njaa ilikuwa imemwisha.

Alhamisi, katika ofisi ya mawakili huko San Jose, alikula kiapo. Wakili wa wapinzani, kijana mpole, alimuuliza kama kuna mwingine anayekata hivyo.

"Hakuna."

"Hujamfundisha mtu yeyote?"

Akawapitia kichwani wasichana wote waliowahi kuletwa mezani pake. Hakuna aliyedumu. Pruitt alikuwa anamtazama.

"Hakuna," alisema. "Mkono huu ni wangu peke yangu."

Wapinzani wakasalimu amri. Prosesa yao ikaondolewa madukani, na mkataji wao wa filamu, Bi Kessler fulani, akafukuzwa Jumatatu asubuhi. Jina lake likapelekwa kila karakana hadi Palo Alto, asije akapewa kazi popote. Pruitt akanunua keki, akamkatia Herminia kipande cha kwanza.

"Huyo Kessler ana watoto?" Herminia aliuliza. Akakiweka kipande chake mezani.

"Mmoja, ananyonya," alisema Twila. "Mumewe alifungasha vitu, wakaondoka na gari Jumatano. Hata jirani yao hajui walikoelekea."

"Mwizi ni mwizi, mama," Pruitt alisema. Akavuta bahasha kutoka chini ya makaratasi yake. "Hii aliileta siku mbili kabla ya kiapo chako. Nani ana nafasi ya kusoma machozi ya mwizi? Nitupie hapo nje."

Bahasha ilikuwa bado imefungwa. Herminia aliipeleka mpaka kwenye pipa, huruma ikamshika. Mtu aliyepoteza kazi kwa neno lake alistahili walau kusomwa. Akaifungua kwa ukucha. Ndani mlikuwa na mistari michache iliyopigwa chapa:

"Sikunakili kitu. Ndivyo mkono wangu ulivyo tangu utotoni. Mkiwa na shaka, muulizeni mama yangu, yuko hapo hapo kwenu, kwenye meza ya filamu. Tumekosana mwaka wa nne sasa, lakini kwa hili najua hawezi kunikana."